Bangili nne na nyumba ya Gombak



Mwezi huu wamekuja dukani kwetu maharusi wawili kupima nguo, na wote wawili wakishaolewa tu wanafuatana na waume zao masomoni. Mmoja anakwenda Malaysia, mwengine Uturuki. Wameuliza yale yanayoulizwa na maharusi: wachukue mabuibui mangapi, udi unapita uwanja wa ndege au unanyang'anywa, na huko nazi zipo? Hakuna aliyeuliza habari ya nyumba. Sie nasi wakati wetu hatukuuliza, na tulilipa. Kwa hiyo leo hatuandiki juu ya mitindo. Bwana ametuomba tusiyatoe yote hadharani. Tumemwambia tutatoa nusu, na nusu yenyewe tutaichagua sie.

Tulifunga ndoa 2014, baada ya Idi ndogo. Bwana alikuwa amepata nafasi ya shahada ya pili ya elimu katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa cha Malaysia, kile kilichoanzishwa 1983, ambacho Wazanzibari wengi wamekisoma. Ada alilipiwa. Ada tu. Kula, kulala na mke vilikuwa juu yake. Sie wa nyumbani tulikuwa na miaka 23, kidato cha nne, cheti cha ushoni kutoka chuo cha mafunzo ya amali, na bangili nne za dhahabu. Hizo bangili ndizo zilizokuwa mahari yetu.

Akatangulia mwezi wa tisa. Mke wa mwanafunzi haingii naye siku moja. Lazima mume asajiliwe kwanza, apate pasi yake, ndipo amuombee mkewe pasi ya mtegemezi, na cheti cha ndoa kiwe kimetafsiriwa Kiingereza na kugongwa mihuri yake. Jambo moja maharusi mlijue mapema: pasi hiyo haikuruhusu kufanya kazi. Si kushona kwa pesa, si kuuza sambusa. Wako watu wanaofanya kwa kujificha. Sie tuliogopa, na tunafurahi kwamba tuliogopa.

Basi, huko Gombak. Ukisikia Kuala Lumpur unaona yale majumba mawili marefu ya kwenye picha. Wanafunzi hawakai huko. Gombak iko pembezoni, kaskazini mwa mji, jimbo la Selangor, pale vilima vya kijani vinapoanza. Chuo kiko hapo, kodi ni nafuu, na treni ya mjini inaishia hapo hapo. Ukipanda unafika Masjid Jamek, katikati ya mji, kabla hujamaliza nyuradi zako. Majumba ni ya ghorofa, marefu, mengi yanafanana, nguo zimeanikwa kila dirisha. Aliyezoea Michenzani hatashangaa.

Bwana alitafuta nyumba miezi mitatu. Akampata mtu mmoja, mwanafunzi wa zamani, akamfungulia mlango kwa ufunguo wake, akamtembeza chumba kwa chumba, mpaka bomba akalifungua kumwonyesha maji. Kodi ringgit 700 kwa mwezi. Kule utaratibu ni kwamba unatoa amana ya miezi miwili, nusu mwezi ya umeme na maji, na mwezi mmoja wa mbele. Jumla 2,450. Bwana hakuwa nazo. Akapiga simu usiku, yaani usiku wa kule, kwetu ni alasiri, akauliza kama tunaweza kuuza bangili mbili.

Hapa ndipo tunapotaka maharusi mtusikilize. Tulisema ndio. Tulisema haraka, kwa sauti nzuri, kwa sababu somo wetu alitufundisha kumjibu mume kwa sauti nzuri. Lakini somo huyo huyo alitufundisha pia kwamba mahari ni mali ya mke, na kwamba katika Suratun Nisaa, mwanzoni kabisa, aya ya nne, Mwenyezi Mungu ameiweka ruhusa ya mume kuila mahari kwenye ridhaa ya nafsi ya mke. Ya nafsi. Ulimi wetu uliridhia siku ile. Nafsi ilibaki imekaa pale kwa sonara, inaangalia bangili zikiwekwa kwenye mizani. Hatukumwambia bwana. Tulimtumia pesa na tukamwandikia alama ya moyo.

Tulifika mwezi wa pili 2015. Begi moja lilikuwa na nguo, la pili lilikuwa na vyombo, na ndani ya vyombo hivyo kulikuwa na mbuzi ya nazi. Ndiyo, mbuzi. Mavyaa alituambia kule hatutaipata, na mavyaa habishiwi. Uwanja wa ndege walilifungua begi, kijana akaishika, akaligusa lile jino, akatuangalia. Tukamfanyia kwa mkono kama tunakuna. Akacheka, akaturuhusu. Tumekuja kuona baadaye kwamba sokoni Gombak nazi inakunwa kwa mashine mbele ya macho yako, na tui linakamuliwa hapo hapo, unaondoka nalo kwenye mfuko. Mbuzi yetu ilikaa chini ya kitanda miaka miwili na nusu, tukairudisha Unguja.

Kutoka uwanja wa ndege tulikwenda moja kwa moja kwenye nyumba yetu. Bwana ametia ufunguo, haugeuki. Akajaribu tena. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mtoto mdogo mwenye kijiko mkononi. Nyuma yake familia ya Kiyemeni imekaa chini kwenye sinia, wanakula. Walikuwa na mkataba. Walikuwa wameingia siku kumi nyuma, wamekodishwa na mwenye nyumba mwenyewe. Yule mtu wetu alikuwa mpangaji tu aliyekuwa anahama. Ufunguo ule ulikuwa wake kweli, lakini nyumba haikuwa yake. Simu yake ilikuwa imezimwa, na haijawahi kuwaka mpaka leo.

Wale Wayemeni hawakukubali tuondoke bila kula. Tulikula wali wa watu wengine, ndani ya nyumba tuliyoilipia kwa mahari yetu, begi zikiwa mlangoni, na bwana hakuweza kutuangalia usoni. Wali ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Tunaukumbuka mpaka leo kwa hasira.

Polisi waliandika ripoti. Hakuna kilichorudi.

Kwa siku kumi na sita tulihifadhiwa na familia ya Kizanzibari, Taman Sri Gombak, vyumba viwili, wao na watoto wao watatu. Mungu awalipe. Sie tukilala chumbani na mama watoto, bwana akilala ukumbini na mwenyeji wake. Maharusi wa miezi saba, tuliokaa pamoja mwezi mmoja tu, sasa tunaonana wakati wa kula, mbele za watu. Ukitaka kugombana huna pa kugombania. Tulikwenda kugombana kituo cha basi. Mvua ya kule inakuja jioni kwa radi, kama ndoo imepinduliwa, na chini ya kibanda kile, na watu wamejaa, tulisema kwa Kiswahili yote tuliyoyaficha tangu siku ya sonara. Kwamba hatukuridhia. Kwamba tulisema ndio kwa woga wa kuitwa mke mbaya. Bwana alikuwa hajui. Alisema, "Ungeniambia, ningekopa kwa watu." Tukamwambia, "Umeshakopa kwa mtu." Basi likaja, hatukulipanda.

Nyumba ya pili ilipatikana na wanawake. Kila mtaa kule una surau, msikiti mdogo, na wanawake wanaingia bila tabu. Kuna kabati la telekung, zile nguo nyeupe za sala, aliyekuja bila yake anachukua, akimaliza anaitundika. Siku ya mwanzo tuliposali Alfajiri pale imamu akasoma kunuti, kama Unguja. Wao Shafii na sie Shafii. Tulilia katika sala, aibu gani. Mama mmoja mtu mzima, wenyewe wanasema Makcik, kama sie tunavyosema mama mdogo, akatuuliza kuna nini. Kiingereza chake kidogo, chetu kidogo. Lakini tulielewana kwa maneno tusiyoyategemea: habari kwao ni khabar, sabuni ni sabun, meza ni meja, almari ni almari, bendera ni bendera. Dunia ni dunia. Tukamwambia nyumba, tukamwonyesha mkono mtupu. Dada yake alikuwa na fleti ya kukodisha, ghorofa ya nne, haina lifti, ringgit 650.

Safari hii hatukuuliza bomba. Tuliuliza karatasi. Makcik wala hakukasirika, alileta mwenyewe bili ya kodi ya jengo, wanaiita cukai pintu, yaani kodi ya mlango, na jina la dada yake limo. Yeye naye akadai yake: cheti chetu cha ndoa. Alikisoma juu mpaka chini ingawa hakuelewa, akaangalia picha zetu za pasipoti, akatuangalia sie, ndipo akatoa ufunguo. Kule mwanamme na mwanamke Waislamu kukaa pamoja bila ndoa ni kesi, na mwenye nyumba mwenye dini hataki mambo hayo ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo cheti cha ndoa, shoga zangu, kisikae chini ya begi. Na mkataba ukishaandikwa upelekwe ukalipiwe stempu ya serikali. Usiposimama mahakamani hutauhitaji. Ukisimama bila stempu utajuta.

Amana miezi miwili 1,300, nusu mwezi 325, mwezi wa mbele 650. Ringgit 2,275. Tulikuwa na bangili mbili zilizobaki.

Bwana hakuziomba. Tumpe haki yake, hakuziomba. Tulikaa siku mbili anatafuta kwa watu, na watu wenyewe ni wanafunzi, nani ana 2,000. Siku ya tatu tukazivua mkononi tukaziweka juu ya kitabu chake. Tukamwambia: safari hii nafsi imeridhia, lakini iandike. Zote nne. Akaumia. Alisema, "Mimi mumeo unaniandikisha kama wa duka la Darajani?" Tukamwambia aya ndefu kuliko zote katika Qurani ni ya nini? Alijua, yeye ndiye msomi. Ni aya ya deni, katika Suratul Baqara, na inasema liandikwe. Hakujibu. Alikwenda kusali Isha, akachelewa, sie tukasema leo tumeharibu. Aliporudi alikuwa na wenzake wawili, mmoja wa Pemba na mmoja Mngazija, na karatasi ameshaandika.

Na aliandika vizuri kuliko tulivyomwomba. Alikuwa amemuuliza mwalimu wake wa fiqhi, na jibu lilikuwa kwamba aliyekopa dhahabu atalipa dhahabu kwa uzani wake, bila kuzidi wala kupungua. Kwa hiyo karatasi haikutaja ringgit wala shilingi. Ilitaja gramu. Wakati ule hatukuona tofauti. Anayefuata bei ya dhahabu tangu 2015 mpaka sasa ataiona.

Kesho yake tukapanda treni mpaka Masjid Jamek, tukatembea mpaka mtaa wa Masjid India, kwenye maduka ya dhahabu yenye taa zinazoumiza macho. Wanaandika 916, ndiyo karati 22 yenyewe. Bei iliyo dirishani ni ya kununua wewe. Ya kuuza wewe ni nyengine, chini. Tuliingia maduka matano. La tano lilitufaa.

Kisha maisha yakaanza, na maisha yenyewe hayana mengi ya kusimulia. Fleti ilikuwa tupu kweli kweli, hata balbu mwenyewe aliyetoka aliondoka nazo. Godoro lilitoka kwa mwanafunzi aliyemaliza, jiko kwa mwengine, mkeka tulikuwa nao. Mwezi wa nne serikali ikaweka kodi mpya ya asilimia 6 kwenye bidhaa na kila mtu akawa anasoma risiti. Sie wa nyumbani tulijifunza soko la usiku, ambalo huja siku moja kwa wiki, ukienda karibu na kufunga samaki wanashuka. Kembung ni vibua. Tenggiri ni nguru. Rambutan ni shokishoki, tena nyekundu kuliko zetu, na muuzaji hakuamini tulipomwambia sie tunazo nyumbani.

Usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa tukafukiza ubani kama tulivyozoea. Haujapita muda, jirani anagonga, Mmalay, amejifunga mtandio haraka haraka, anauliza kwa heshima kubwa kama kuna mgonjwa ndani. Hatukumwelewa. Kumbe harufu ile kwao ni ya waganga na mashetani. Tulimwingiza ndani, tukamwonyesha chetezo, tukamfukiza na nguo zake. Hakuwa na hakika, lakini alitulia. Baada ya hapo udi tukaufukiza, ubani tukaupunguza.

Makcik alikuwa na cherehani. Kazi ya pesa haturuhusiwi, lakini kujifunza hakuna aliyekataza, na alasiri nyingi tulikaa kwake sakafuni anatufundisha kukata baju kurung. Jamani, ile nguo! Inaonekana gauni refu la kawaida juu ya sketi, lakini chini ya mkono ina kipande cha pembe nne, wanakiita kekek, na sie tulipokiona tulipiga kelele, maana ni kikwapa kile kile cha kanzu. Ndicho kinachomfanya mwanamke anyanyue mkono bila nguo kupanda. Shingoni wanashona kwa mkono mshono mmoja wanaouita mfupa wa mkunga. Ulituchukua miezi miwili, na vidole vikatoboka. Makcik hakuwahi kusema "vizuri". Alikuwa anafumua tu. Siku aliyoacha kufumua tukajua.

Vitambaa tulinunua kidogo kidogo barabara ya Tuanku Abdul Rahman, kila Mzanzibari anayerudi likizo tunamtilia kilo mbili tatu kwenye begi lake, dada yetu Unguja anashona na kuuza. Duka mnalolijua sasa lilianzia hapo, ndani ya begi za watu.

Hatutasema ilikuwa raha. Mwezi wa tisa ule ule moshi wa misitu ya Indonesia ukafunika mji mpaka skuli zikafungwa, tukakaa ndani na madirisha yamezibwa kwa mataulo ya maji, bwana anaandika, sie tunahesabu mchele. Mama akipiga simu anatukuta tunatoka kusali Isha, yeye anatia udhu wa Alasiri, anauliza "mnakula?" na tunajibu tunakula. Usiku mwengine tulikuwa tumekula roti canai moja kwa wawili. Ni kama chapati ya kusukuma, kwa hiyo si uongo.

Tulirudi 2017. Dada yake Makcik alitukatia ringgit 100 za rangi ya ukuta, amana nyengine yote akatupa mkononi, tukamtaka radhi naye akatutaka.

Bwana alianza kusomesha, na bangili ya kwanza aliileta 2018, ameifunga kwenye karatasi ya gazeti kama samaki. Ya pili 2020. Ya tatu Ramadhani iliyopita, na hiyo alilia nayo, kwa sababu kwa bei ya sasa ya sonara bangili moja imekula kama zile nne za wakati ule. Baadhi ya shoga zetu wanatwambia tumeshazaa naye watoto wawili, gramu ni za nini tena. Mavyaa naye ana lake la kusema. Sie tunasema hivi: siku alipokuwa anaandika ile karatasi na wenzake wawili wanamwangalia, ndipo tulipolala usingizi kwa mara ya kwanza Malaysia. Hatuoni kwa nini tuichane.

Karatasi iko kwenye mkoba wa pasipoti. Imebaki bangili moja. Kila Idi bwana anauliza kama tumemsamehe hiyo ya mwisho, na kila Idi anatukuta tuna nguo za watu za kumalizia, tunamwambia angoje tushone kwanza.